Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tunavyopima Picha, Sauti na Nyongeza za DVD za Filamu za Zamani

Kikundi chetu hukutana hapa Nairobi kutazama filamu za zamani, na kila diski inayopita mikononi mwetu huandikiwa tathmini fupi: picha, sauti, nyongeza. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara, mengine kwa upole, mengine kwa hasira. Nimeyajibu mimi ninayeandika sehemu kubwa ya tathmini hizo, kwa hiyo ubishi wowote utakaoukuta humu ni wangu.

Mnailinganisha diski na nini hasa?

Na filamu yenyewe ilivyokusudiwa kuonekana ukumbini. Hatuilinganishi na filamu ya mwaka huu, wala na video ya maonyesho inayozungushwa kwenye TV za dukani ili rangi zikuvute mlangoni. Filamu ya 1948 ina haki ya kuonekana ni ya 1948. Swali tunalojiuliza ni moja: diski hii imenipa kilichokuwa kwenye mkanda, bila kupunguza na bila kuongeza? Wengi huona dhambi ya kupunguza haraka: picha hafifu, giza lisilo na kitu ndani. Dhambi ya kuongeza huwapita, kwa sababu mara nyingi huja ikiwa imependeza.

Kwa nini mnahangaika na DVD siku hizi?

Kwa sababu ni rahisi kupata, deki bado ziko majumbani, na diski haili bando. Filamu ya mtandaoni inaweza kuondolewa usiku mmoja bila mtu kukuuliza. Isitoshe, kuna filamu nyingi za zamani ambazo hazikuwahi kutolewa vizuri kwa njia nyingine yoyote. DVD ziliingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani 1997, na miaka iliyofuata kampuni zilifungua maghala yao kwa kasi ambayo sidhani tutaiona tena.

Mama yangu anasema picha yenye chembechembe ni mbovu. Mbona nyinyi mmeipa alama za juu?

Mwambie mama kwamba chembechembe hizo ndizo picha. Mkanda wa filamu hushika mwanga kwa fuwele za madini ya fedha, na fuwele hizo hazijipangi kwa mstari. Kila fremu zimekaa kivyake. Ndiyo maana ukitazama ukuta mtupu katika filamu ya zamani unauona kama unachemka polepole. Ukiondoa mchemko huo wote, unaondoa pia vinyweleo vya ngozi, nyuzi za kitambaa na vumbi linaloelea kwenye mwanga wa dirisha.

Programu ya kusafisha haijui tofauti ya uchafu na mvua. Hili si fumbo. Katika DVD ya Citizen Kane (1941) iliyotoka 2001, kuna mahali mzee Bernstein anahojiwa ofisini mwake na nje ya dirisha mvua inanyesha. Usafishaji wa kompyuta uliichukua mvua hiyo kuwa ni mikwaruzo, ukaifuta. Toleo la Blu-ray la 2011 ndilo lililoirudisha. Picha ya 2001 ilikuwa safi ajabu, na watu waliisifu. Sisi tukikutana na usafi wa namna hiyo hupunguza alama, na hatuoni haya.

Kwa upande mwingine, mikwaruzo mirefu ya wima, madoa makubwa na fremu zinazorukaruka si sehemu ya filamu. Hizo ni alama za matumizi, na mtengenezaji aliyeziacha bila kujaribu amefanya uvivu.

Mnaangalia nini kingine kwenye picha?

Weusi kwanza. Tafuta tukio la usiku, mtu aliyevaa koti jeusi mbele ya ukuta mweusi. Kwenye diski nzuri utaona kola ya koti na mshono wa bega. Kwenye mbaya utaona uso unaoelea hewani.

Kisha kingo. Tazama mstari wa paa dhidi ya anga, au ukingo wa kofia. Ukiona uzi mweupe unaouzunguka, mtu ameinoa picha kwa mashine ili ionekane kali kwenye TV ndogo za enzi zile. Kwenye skrini ya inchi 43 uzi ule unageuka kamba.

Halafu moshi, ukungu, maji na vumbi. Vitu hivi huilemea DVD, kwa sababu picha yake hubanwa na kiwango cha data ya picha hakiwezi kuvuka megabiti 9.8 kwa sekunde. Diski iliyobanwa kwa pupa huonyesha vijisanduku vinavyohamahama ndani ya moshi. Kipimo ninachokipenda ni kile kisima cha Lawrence of Arabia (1962): mbali kabisa, ndani ya mazigazi, nukta nyeusi inatetemeka, na polepole inakuwa mtu juu ya ngamia. Filamu ile ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 65, kwa hiyo nukta ipo tangu mapema. Diski ikichelewa kukuonyesha, kosa si la jangwa.

Tunatazama pia matukio ya usiku yaliyopigwa mchana. Waongozaji wengi wa zamani walipiga picha za nje juani na kutegemea zitiwe giza maabara baadaye. Fundi asiyejua anapohamisha filamu kwenda diski huirudishia mwanga, na unaona wezi wananyatia saa sita ya mchana huku wakiambizana wawe waangalifu gizani.

Mambo mawili huwa hatuyahesabu kuwa makosa. La kwanza ni kiduara kinachotokea ghafla pembeni juu, kulia. Sinema ilikuja kwa mizingo ya takriban dakika 20, na kiduara hicho kilimwambia mwendesha mashine awashe projekta ya pili. La pili linawatatiza hata wazoefu: tukio moja linapoyeyuka kuingia jingine, picha huwa hafifu sekunde chache kabla, kisha inakaa sawa. Myeyuko huo ulitengenezwa maabara kwa kunakili mkanda juu ya mkanda mwingine, na nakala ya nakala haiwezi kulingana na mama yake. Hata diski bora duniani itakuonyesha hivyo, na ikikuficha ujue kuna kitu imefanya.

Mikanda myeusi juu na chini inakula TV yangu. Si ingekuwa bora wajaze skrini?

La. Mikanda hiyo haijala chochote. Ukiiondoa ndipo unapoliwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilikuwa karibu mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Mwaka 1953 ikaja CinemaScope, na skrini zikatanuka hadi mara 2.35 na zaidi. Ukiibana filamu ya namna hiyo ijaze TV za kichogo, unakata takriban asilimia 43 ya picha. Watu wawili wanaozungumza kila mmoja upande wake wanageuka mtu mmoja anayeongea na pua.

Kwa hiyo kanuni ya haraka: filamu ya kabla ya 1953 iwe na nafasi nyeusi kushoto na kulia kwenye TV ya kisasa, na ile pana iwe nayo juu na chini. Filamu ya 1940 ikijaza skrini yote, ama imekatwa vichwa ama imevutwa. Kuvutwa ndiko kwingi zaidi mjini: ingia hoteli yoyote yenye TV ukutani uone Charlie Chaplin alivyonenepa.

Kuna jambo la tatu ambalo kava huwa linalitaja kwa maandishi madogo, nalo ni kama picha pana imehifadhiwa kwa TV ya 16:9 (pana ya kisasa) au kwa ile ya 4:3 (ya kichogo). Kwenye diski ya PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, yenye mistari 576, filamu ya 2.35 iliyohifadhiwa kwa 16:9 hupata mistari 436 hivi ya picha halisi. Ile ya mtindo wa zamani hupata 327 tu, iliyobaki ni weusi. Ukiikuza kwenye TV mpya tofauti hiyo inaonekana kutoka jikoni.

Kava linasema dakika 120, deki inaonyesha 115. Wamekata?

Mara nyingi hawajakata. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, na PAL, ambayo hutumika pia sehemu kubwa ya Ulaya, ni fremu 25. Njia rahisi ni kuikimbiza filamu kidogo, asilimia 4 hivi, na dakika 120 zinakuwa 115. Sauti nayo inapanda kama haikurekebishwa. Kwa mazungumzo hutashtuka, ila ukiujua wimbo fulani moyoni utasikia mwimbaji yuko juu kidogo ya mahali pake.

Diski za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, hazina mbio hiyo. Zina mistari michache, 480, na mwendo wa kamera wakati mwingine hugugumia. Kwa filamu ya muziki mimi huchagua NTSC. Kwa nyingine PAL. Ubaya halisi ni diski ya NTSC iliyonakiliwa kutoka kwenye PAL au kinyume chake bila kurudi kwenye mkanda: kila kinachosogea kina mzimu nyuma yake, na ukisimamisha picha unaona kingo zimechanika kama meno ya kitana.

Mnaipimaje sauti, na je, spika tano ni bora kuliko moja?

Kama filamu ilitoka na sauti ya njia moja, tunataka njia hiyo moja iwepo. Ikiwepo na ile mpya ya spika tano pembeni, heri. Ikiwa mpya imeifukuza ya zamani, alama zinashuka hata kama wufa lako limetikisa madirisha ya jirani.

Vertigo (1958) ni mfano unaojulikana. Ilipokarabatiwa 1996, picha ilirudishiwa uhai, lakini sauti ikatengenezwa upya ikiwa na vishindo vipya vya hatua, milango na risasi vilivyorekodiwa upya. Kazi ilifanywa kwa bidii, muziki ukasikika kwa upana, na bado hatua zile ni za mtu wa miaka ya 1990 anayetembea ndani ya filamu ya 1958. Watu wengine hawajali. Mimi hunikera kila mguu unapogusa sakafu.

Jaribio la nyumbani ni hili. Tafuta mahali watu wawili wanazungumza chumbani kimya, bila muziki. Sikiliza ukimya ulio baina ya sentensi, si sentensi zenyewe. Filamu ya zamani huwa na mvumo mdogo wa kudumu. Ukisikia mvumo unakatika kabisa mtu akinyamaza, kisha unarudi akifungua kinywa, kuna mashine inayofunga na kufungua mlango, na itakuchosha kabla ya nusu saa. Sikiliza pia herufi "s": ikiwa imebutuka, wamechuja sauti za juu kupita kiasi. Usitegemee miujiza, maana sauti iliyochapwa kwa mwanga pembeni mwa mkanda wa miaka ya 1940 haikuwa na sauti za juu nyingi tangu mwanzo. Tunachotaka ni maneno yasikike bila kupandisha na kushusha rimoti.

Na filamu za Kihindi? Nairobi nzima ilikulia nazo.

Kweli, na waliokwenda sinema ya Shan pale Ngara, jengo ambalo leo ni Sarakasi Dome, watakuambia rangi zilivyokuwa. DVD nyingi za filamu hizo zinasikitisha. Malalamiko yetu ni yale yale: nembo ya msambazaji imebandikwa pembeni mwa picha kwa saa tatu nzima, picha imegeuzwa mfumo ovyo, na nyimbo hazina tafsiri. Hili la mwisho silielewi hata kidogo. Wimbo ndipo msichana anaposema alichoshindwa kukisema mbele ya baba yake, halafu maandishi yanapotea na kurudi mtu anapoomba chai.

Kuhusu rangi: Mughal-e-Azam (1960) ilipigwa kwa sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, na sehemu chache kwa rangi, ikiwemo ngoma ya ukumbi wa vioo. Mwaka 2004 ikatolewa ikiwa imepakwa rangi yote. Ukipata matoleo mawili, chukua la asili. Ukumbi ule unapofunguka kwa rangi baada ya saa za kijivu, utaelewa kwa nini. Katika toleo la 2004 mlipuko huo haupo tena.

Filamu za Kiafrika mnazihurumia?

Tunazihurumia katika hukumu, si katika maelezo. Filamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilisafishwa katika maabara za Ulaya, na negativu, yaani mikanda ya asili, zikabaki huko, nyingine zikifuatwa kwa shida miaka mingi baadaye. Kwa hiyo nakala iliyokuwepo ilikuwa ile iliyozunguka ikionyeshwa hadi ikachakaa. Tukipata diski yake tunaandika wazi kwamba picha imechoka, kisha tunasema inunue.

Mambo yamebadilika kiasi. Touki Bouki (1973) ya Djibril Diop Mambéty ilikarabatiwa 2008, na La Noire de... (1966) ya Ousmane Sembène ikafuata. Mwaka 2017 Shirikisho la Watengenezaji Filamu Afrika, FEPACI, liliungana na UNESCO na The Film Foundation ya Marekani katika mradi wa kukarabati filamu za bara hili. Mtu aliyeijua Touki Bouki kwa nakala ya kanda ya VHS na akaiona baada ya ukarabati huwa anadhani ni filamu nyingine: vumbi la Dakar lina rangi, na bahari ni ya samawati kweli. Za kwetu Kenya, kama Kolormask (1986) na Saikati (1992), zinastahili hivyo hivyo, nasi tunazitazama kwa nakala yoyote tunayoshika.

Nyongeza zina uzito gani katika alama?

Mdogo kuliko kava linavyotaka uamini. Nyongeza haziwezi kuokoa picha mbovu, ndiyo maana hatuchanganyi alama zote kupata moja. Saa sita za mahojiano juu ya filamu usiyoweza kuiona vizuri ni hotuba za msibani.

Tunachothamini ni maoni yanayosikika sambamba na filamu, yakitolewa na mtu aliyejiandaa. Mtindo huo ulianza 1984 kwenye diski kubwa za leza, Ronald Haver alipoisimulia King Kong ya 1933. Msomi mwenye daftari humshinda mwigizaji mzee anayesema "huyu alikuwa mtu mzuri sana" kila sura mpya inapoingia, ingawa mzee mmoja mmoja hukushangaza kwa kukumbuka hata bei ya chakula cha mchana.

Trela ya zamani ni nyongeza ninayoitafuta kwanza, kwa sababu ya kipelelezi: mara nyingi hawaisafishi. Icheze, kisha cheza tukio lilelile ndani ya filamu, na utaona walichofanya. Maandishi ya tafsiri nayo tunayaweka hapa. Meupe yasiyo na ukingo mweusi juu ya shati jeupe hayasomeki, na filamu nyeusi na nyeupe zina mashati meupe mengi.

Mbona hampimi zile diski za "filamu 20 kwa moja" za mjini?

Mbali na kwamba ni wizi, hesabu inatosha. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Filamu 20 za dakika mia mia ni sekunde 120,000. Gawanya, kila sekunde inapata takriban megabiti 0.3, na sauti humo humo. Hakuna cha kupima.

Diski halisi iliyochapwa kiwandani huwa ya fedha chini, au ya dhahabu hafifu ikiwa na tabaka mbili. Ile iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na rangi ya zambarau. Geuza kabla ya kulipa.

Diski niliyoletewa na shangazi kutoka Marekani haichezi.

Kenya iko eneo namba 5, Marekani namba 1, Uingereza na Afrika Kusini namba 2. Deki nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue husoma maeneo yote. Muulize muuzaji aijaribu mbele yako. Kompyuta ni kesi tofauti: kwa kawaida hukuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha hujifunga.

Alama ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, kwenye kava inaonyesha ubora?

Hapana. GE, PG, 16 na 18 ni za umri wa mtazamaji.

Nirekebishe nini kwenye TV kabla ya kulaumu diski?

Chagua hali ya sinema. Shusha ukali wa picha karibu na mwisho wake, maana TV nyingi hutoka dukani zikiwa zimenolewa. Zima ile huduma ya kulainisha mwendo, inayofanya kila filamu ifanane na kipindi cha mapishi. Hakikisha umbo liko sahihi: nyuso zisiwe pana. Funga pazia. Ukiyafanya haya manne au matano na bado huoni kola ya koti, andika malalamiko yako, tutayasoma.

Diski imekwaruzika. Nitumie dawa ya meno?

Anza na maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ndio unaoua usomaji. Unaokatiza kutoka katikati kwenda pembeni deki huweza kuuruka. Data ya DVD iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, kwa hiyo mkwaruzo wa juujuu bado una tumaini. Dawa ya meno nyeupe, isiyo ya jeli, hung'arisha kweli mikwaruzo midogo, na kila mtaa una fundi anayeapa kwayo. Kwa diski yako mwenyewe, jaribu. Kwa diski ya kikundi, ilete ilivyo.